Mwaka Nilioigiza Kifo cha Mama

Mwalimu Okelo tulimzika Agosti iliyopita nyumbani kwake, upande wa Ndhiwa, siku ya jua kali kiasi kwamba watu walisogeza viti kila mara kufuata kivuli cha hema. Wanafunzi wake wa zamani walikuwa wengi kuliko jamaa zake. Walishika maikrofoni mmoja baada ya mwingine: wakili, mchungaji, mtangazaji wa redio ambaye sauti yake ilitambuliwa kabla hajajitaja. Wote walisema jambo moja kwa maneno tofauti, kwamba Mwalimu alikuwa mkali lakini ndiye aliyewatengeneza. Matusi yake yaliposimuliwa watu walicheka kwa upendo. Kisha mfawidhi wa shughuli akasema, "Sasa tumsikie Madam Beldina kutoka Migori, ambaye ndiye anaendeleza kazi ya Mwalimu." Maikrofoni ikapitishwa hadi mkononi mwangu. Nililitazama jeneza, nikamtazama mjane wake ambaye hajawahi kunikosea kitu, kisha nikampa maikrofoni mama aliyeketi kando yangu. Mtu nyuma yangu alifyonza. Tulipokuwa tukitoka, mwalimu kijana ninayefundisha naye aliniuliza, "Madam, si huyu ndiye alikufundisha drama?" Nikamwambia ndiye. "Na si ni drama imekufikisha hapa?" Nikamwambia ni kweli. "Sasa?" Nikamwambia jua limenichosha. Majibu mawili ya kwanza yalikuwa ya kweli, la tatu halikuwa, na ndiyo maana ninaandika haya. Kuna mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini ambao sijawahi kumsimulia mtu ukaisha.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana nje ya Awendo. Shule ilizungukwa na miwa pande zote. Kila walipochoma shamba kabla ya kuvuna, majivu meusi membamba yalipeperuka hadi kwetu na kutua juu ya blauzi nyeupe tulizoanika, na ukijaribu kuyafuta kwa kidole yaligeuka mstari usiotoka. Mama alikuwa amefariki likizo ya Desemba, nyumbani kwetu upande wa Homa Bay. Nilirudi shuleni nikiwa nimenyolewa kichwa, na mdogo wangu Achieng, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka kumi, alibaki kwa baba mdogo Zablon. Muhula ule sauti yangu ilikuwa imepungua. Nilijibu nikiulizwa, lakini aliyeuliza alilazimika kuinama ili anisikie. Mwalimu Okelo, aliyetufundisha Kiswahili na kusimamia kikundi cha maigizo, alinisimamisha darasani akanizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Huyu naye anaongea kama anaomba ruhusa ya kupumua," aliwaambia wenzangu. Kisha akanishika kidevu. "Lakini tazameni uso. Uso wa msiba kabisa. Uso kama huu hauuzwi dukani." Darasa lilicheka. Jioni ile nikawa mwanachama wa kikundi cha maigizo, bila mtu kuniuliza kama ninataka.

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa kulia chakula, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, harufu ya maharagwe na mahindi ikitoka jikoni. Zoezi lake la kwanza ninalikumbuka kwa tumbo kuliko kwa kichwa. Tulisimama karibu na mlango mkubwa, na mbali kule, nyuma ya dirisha la kupakulia, mpishi wetu Mama Dina alikuwa akikoroga sufuria. Ulipaswa kumwambia Mama Dina sentensi moja. Akisikia kila neno aliinua mwiko. Asipoinua, sahani yako haikupakuliwa. Mwalimu hakuruhusu kupiga kelele. "Kelele ni ya waoga," alisema. "Neno halitupwi, linapelekwa. Lichukue tumboni, ulipeleke mpaka mlangoni kwa mtu, ubishe." Wengine waliinuliwa mwiko siku ya kwanza. Mimi nililala njaa mara nyingi. Wakati mwingine Mama Dina, kwa huruma, aliinua mwiko bila kusikia kitu, na Mwalimu alimjua: "Shusha hiyo, mama. Usimharibie mtoto." Halafu jioni moja pumzi ikashuka mahali pake, chini kabisa, na sentensi ikaondoka kwangu ikavuka ukumbi mzima bila mimi kuisukuma. Mwiko ulipanda. Nilikula nikilia. Leo ninafundisha zoezi hilo hilo, ila wanafunzi wangu hulifanya wakiwa wameshiba, na sijaona kwamba njaa iliongeza chochote. Ninalisema hili kwa sababu kule mazishini wengi walizungumza kana kwamba ukatili ndio uliokuwa mafunzo. Mafunzo yalikuwepo. Ukatili nao ulikuwepo. Vilikaa ndani ya mtu mmoja, basi.

Alitufundisha mengine pia. Alitufundisha kunyamaza: ukiwa jukwaani na watu wananong'ona, usishindane nao, simama na unyamaze mpaka waje kwako wenyewe. Alitufundisha kusikiliza, si kungoja zamu ya kusema. "Mtu akisema maneno aliyokariri utajua," alitwambia. "Macho yanakwenda kuyatafuta. Mtu akisema yake, macho yanakaa kwako." Na alitubadilishia nafasi bila onyo, ukawa umejiandaa kuwa mke naye anakwambia kuwa mume, kisha anauliza: "Unaogopa nini? Kila mtu jukwaani anaogopa kitu. Ukijua anachoogopa umemmaliza." Aliyasema haya kwa dharau, akitembea katikati yetu na viatu vyake vilivyong'aa, lakini nilikuwa na njaa nayo kuliko ya chakula.

Ndiyo maana nilimwamini. Alasiri moja ya mvua alinikuta nimeketi peke yangu nyuma ya maktaba, akaniita chumba cha walimu ambako hakukuwa na mtu. Alinimiminia chai ya maziwa, akanikatia mkate, akapaka siagi yeye mwenyewe. "Mama yako alikufaje?" aliuliza. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza yote. Kwamba mama alikuwa akinunua omena, dagaa wa ziwani, huko Muhuru Bay na kuziuza sokoni. Kwamba baba alipofariki, ukoo ulitaka arithiwe na Zablon, akakataa. Alipoanza kukonda walisema ni chira, laana ya kuvunja mwiko wa ukoo, na kwamba amejiletea mwenyewe. Kwamba siku za mwisho baba Zablon alisimama mlangoni, hakuingia, leso puani. Kwamba mama aliomba mchuzi wa samaki, na mke wa Zablon akauleta katika kifuniko cha sufuria, akaweka sakafuni, akausukuma kwa mguu mpaka ukafika kitandani. Na kwamba mama aliniambia kwa Kijaluo maneno ambayo nilimfasiria Mwalimu neno kwa neno: "Waambie waniite jina. Tangu nilale hapa hakuna aliyeniita jina." Nilipomaliza, chai ilikuwa na utando juu. Mwalimu aliniwekea mkono begani. "Pole sana, binti," alisema, na nilijisikia kama mtu aliyetua gunia.

Wiki mbili hivi baadaye alitukusanya ukumbini atusomee mchezo mpya tutakaoupeleka mashindanoni. Ulianza na mwanamke kitandani. Nilisikia leso, nikasikia kifuniko cha sufuria, nikasikia mguu. Nilisikia "Waniite jina" ikisomwa kwa sauti ya Mwalimu, na wasichana wakaguna, "Eeh!" kwa kupendezwa. Lakini hayo hayakuwa mabaya zaidi. Katika mchezo wake yule mwanamke hakuwa amekataa kurithiwa. Alikuwa amelala na wavuvi wa Muhuru ili apewe samaki, akaleta ugonjwa nyumbani, na mwishoni alipaswa kuteremka kitandani, apige magoti mbele ya shemeji yake, aombe msamaha, ndipo afe. Shemeji alikuwa mtu mwema aliyeonywa na kupuuzwa. "Waamuzi wanataka funzo," Mwalimu alisema. "Serikali inataka funzo. Vijana waogope." Kisha akagawa nafasi. Shemeji, Jenifa, kwa sababu alikuwa mrefu na sauti yake nzito. Mwanamke, Beldina.

Nilimfuata nje. Nilimwambia, "Mwalimu, hakufanya hivyo. Mama hakufanya hivyo." Alikuwa akifunga funguo kwenye mkanda wake, hakuinua macho. "Nani amesema ni mama yako? Huyu ni mwanamke." Nikamwambia siwezi. "Sawa," alisema. "Nitampa mwingine. Atacheza vibaya, watu watacheka, na wewe utakaa kwenye benchi umtazame akifa. Chagua." Nilisimama pale na majivu ya miwa yakitua mabegani mwangu. Kisha nikarudi ndani, kwa sababu sikuweza kuvumilia kwamba kifo cha mama kishikwe na mtu asiyekuwepo.

Jenifa ndiye aliyeniita Marehemu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mezani, wakati wa chakula. "Marehemu, hebu sogeza chumvi." Meza nzima ilianguka kwa kicheko, na kabla ya juma kuisha hata wa kidato cha kwanza waliniita hivyo nikienda bombani. Mwalimu alilisikia, akalipenda. Mazoezini alisema, "Marehemu, panda kitandani." Alinifanya nife tena na tena. Nikilia kidogo, alisema ninamchezea. Nikilia sana, alisema ninajihurumia. "Lia vile ulilia siku ile! Si ulikuwepo? Au ulikuwa umelala?" Alimwagiza msichana aliyekuwa mke wa shemeji asukume kifuniko kwa mguu kwa nguvu zaidi, mpaka maji yaliyokuwa mahali pa mchuzi yanirukie usoni. Kuna jioni nilipoteza fahamu kidogo, nikaamka nikamsikia akisema, "Hiyo! Hiyo ndiyo ninataka!"

Na bado, kuna siku moja ya mazoezi yale ambayo sitaitoa kwa kitu chochote. Alitubadilisha mimi na Jenifa. Nilisimama mlangoni na leso puani, na Jenifa akalala kitandani. "Wewe ni shemeji," Mwalimu alisema. "Unaogopa nini?" Nilikuwa nimejiandaa kumchukia Zablon kutoka ndani yake. Lakini niliposimama alipokuwa amesimama, nikimtazama mtu anayekonda, nilirudi nyuma hatua moja. Niliona alichokiona: kaka yake alikuwa amekufa hivi, mke wa kaka yake anakufa hivi, na yeye alikuwa karibu kumrithi. Alikuwa akiangalia kitanda ambacho kidogo tu kingekuwa chake. Hakuwa na laana yoyote kichwani. Alikuwa na hofu, na chira lilikuwa jina aliloipa hofu yake ili isimwaibishe. Sikumsamehe. Lakini tangu siku ile sikumwogopa tena, na hilo hakuna mahubiri wala kiboko kingeweza kunifundisha.

Tulishinda Migori. Wasichana waliimba ndani ya lori la shule mpaka sauti zikakauka, na mkuu wa shule akaagiza tupikiwe nyama. Hatua iliyofuata ilikuwa Homa Bay, katika ukumbi wa shule moja juu ya mji. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nilikuwa nimelala tayari kitandani, tunangoja kuanza, nilipogeuza shingo nikamwona baba Zablon amekaa mstari wa tatu, suti yake ya kanisani, na mkewe kando yake amempakata Achieng. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi, na alikuwa amewaleta wanafunzi wake kutazama. Alinipungia mkono. Alijua kwamba ninaigiza. Hakujua ninaigiza nini.

Kifuniko cha sufuria kiliposukumwa, nilisikia mtu akikohoa mstari wa tatu. Watu walinyamaza vile ambavyo Mwalimu alikuwa ametufundisha kuwanyamazisha. Nilisema maneno yangu, na kila neno lilifika ukutani. Kisha wakati ulifika wa kuteremka na kupiga magoti. Niliteremka. Jenifa alisimama mbele yangu katika koti la shemeji wa mchezo, mikono nyuma, akingoja. Pembeni, nyuma ya pazia, nilimwona Mwalimu akinifanyia ishara ya mkono: chini, chini. Nilimtazama Achieng, ambaye alikuwa ameweka kidole mdomoni. Sikupanga. Watu wameniuliza na hawaniamini, lakini sikupanga. Nilikaa wima, nikanyamaza mpaka kukohoa kukaisha, na nikasema, "Sina msamaha wa kuomba. Sikukosa. Nilikataa kurithiwa, basi. Niiteni jina langu."

Hayo hayakuwa maneno ya mchezo. Jenifa aliduwaa. Katika mchezo mwanamke hakuwa na jina hata, alikuwa Mama tu. Niliona macho yake yakienda kutafuta maneno, hayakuyapata, kisha yakarudi kwangu yakakaa. Alikuwa amesikia jina la mama yangu mara moja tu, muhula ule, jina hilo liliposomwa gwarideni kwa ajili ya rambirambi. Yule msichana aliyenifanya Marehemu mbele ya shule nzima aliinama, akanishika mkono, akaniita kwa ile sauti yake nzito: "Pereska." Akarudia, kwa upole: "Pereska Atieno. Amka ule." Mama mmoja nyuma kabisa alipiga ukemi kama wa msibani. Halafu tukatoka jukwaani tukiwa tumeshikana mikono kwa sababu hatukujua mchezo unaishia wapi.

Mwalimu alinipiga kofi nyuma ya ukumbi, mbele ya kikundi chote na ya wanafunzi wa shule nyingine waliokuwa wakinywa maji bombani. "Umeniua," alisema. Waamuzi walikuwa wamesema mchezo umepotea njia na hauna funzo. Tulitolewa. Akanikataza kuketi. Kutoka Homa Bay, kupita Rongo, hadi Awendo nilisimama ndani ya lori nimeshikilia chuma, na kila breki niliangukia miguu ya wenzangu. Hakuna aliyeimba. Mahali fulani baada ya Rongo, Jenifa aliinuka kwenye nafasi yake akaja akasimama kando yangu. Mwalimu alitazama nyuma kupitia dirisha la chumba cha dereva. "Jenifa, kaa chini." Jenifa akasema, "Niko sawa, Mwalimu."

Likizo ya Aprili ndipo malipo yalipokuja. Baba Zablon aliwaita wazee wa ukoo nyumbani kwetu, na akamwalika naibu wa chifu ili jambo liwe rasmi. Wanaume walikaa sebuleni kwake kwenye viti vyenye vitambaa vyeupe vilivyofumwa, wakinywa chai na viazi vitamu, na mimi niliwekwa kwenye mkeka karibu na mlango wa jikoni ili niwe karibu na birika. Nilisikia maisha yangu yakipangwa kama mtu asikiavyo bei za sokoni. Nimeuaibisha ukoo mbele ya wilaya. Shule ndiyo imeniharibu. Nisirudi. Nyumba ya mama ibomolewe, maana haina mwenyewe na inaleta mikosi. Achieng apelekwe Isebania kwa mfanyabiashara mmoja, rafiki wa mke wa Zablon, akasaidie kazi za nyumbani. Hakuna aliyepinga. Naibu wa chifu alikuwa akimenya kiazi.

Nilisimama. Msichana hasimami katika kikao kama kile, na mzee mmoja aliniambia, "Nyathina, mwanangu, chai bado ipo, kaa." Sikukaa na sikujibu. Nilisimama tu, pumzi chini, nikangoja. Kikombe kimoja kikatua mezani, kisha kingine. Naibu wa chifu akaacha kiazi. Ndipo nikamtazama baba Zablon peke yake, nikazungumza naye kwa Kijaluo, bila kupaza sauti. "Baba, mimi sikukutukana kule Homa Bay. Nilisimama pale mlangoni uliposimama. Nilijaribu. Ninajua uliogopa. Kaka yako alikuwa ameenda, na ulidhani wewe ndiye unafuata. Mtu yeyote angeogopa. Lakini hofu yako mama aliibeba, na sasa unataka sisi pia tuibebe." Mkewe alitoka jikoni akasema, "Huyu mtoto ana pepo." Baba Zablon hakumsikia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Nikawageukia wazee. "Nataka kumaliza shule. Nataka mdogo wangu asome. Sina lingine." Nikakaa kwenye mkeka.

Ningependa kuandika kwamba alilia, au kwamba wazee walinyanyuka wakanikumbatia. Baba Zablon aliipiga meza kwa kiganja, akatoka, akaenda kusimama kwenye zizi la ng'ombe akitupa mgongo. Wazee walinong'onezana. Mwishowe naibu wa chifu akasema kwamba kumtoa msichana shuleni kabla ya mtihani kutamletea yeye maswali kazini, kwa hiyo huyu mkubwa arudi, hayo mengine ni ya ukoo. Nilipata nusu. Asubuhi yake nilikaa chini ya mti wa siala nikitazama vijana wakishusha mabati ya nyumba ya mama, moja baada ya jingine, wakitaniana. Kitanda chake kilichomwa. Juma lile lile Achieng alichukuliwa na lori la mizigo, amevaa sweta yangu iliyomfika magotini. Alilia mpaka hatukumsikia tena. Sauti yangu ilikuwa imefanya kazi yake yote, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote.

Habari za kikao kile zilifika shuleni, kwa sababu naibu wa chifu alizisimulia kila alipokunywa. Siku ya kwanza ya muhula Mwalimu Okelo alinisimamisha tena darasani. "Mnaona huyu? Amewanyamazisha wazee wa ukoo na chifu. Sauti ile niliitengeneza mimi, pale ukumbini, na wakati huo mlidhani ninamwonea." Alikuwa na furaha ya kweli usoni. "Beldina, rudi kikundini. Nimekusamehe." Nilimwambia, "Hapana, Mwalimu." Akacheka, akasubiri nibadilishe mawazo, kisha akaona sibadilishi. "Bila mimi ungekuwa bubu," alisema. Nikamwambia, "Huenda," nikaketi. Jenifa naye akajitoa kikundini juma lile. Jumapili alasiri tulikuwa tukienda, yeye na mimi na wengine wachache, nyuma ya matangi ya maji, tukafanya mazoezi yale yale ya pumzi na ya kubadilishana nafasi, hakuna jukwaa, hakuna waamuzi, na hakuna aliyelala njaa.

Ilipofika likizo ya Desemba, mama yake Jenifa, aliyeuza vitambaa na kuvuka mpaka mara kwa mara kwenda Sirare, upande wa Tanzania, alikubali twende naye Isebania. Duka la yule mfanyabiashara lilikuwa barabarani, kati ya wabadilishaji pesa na malori yaliyongoja kuvuka. Achieng alitoka nyuma akiwa na ndoo. Alikuwa ameongezeka urefu na kupungua kila kitu kingine. Mwenye duka, mama mnene mwenye tabasamu, hakukasirika hata kidogo. "Mnataka kumchukua? Mimi sijamfunga kamba. Muulizeni mwenyewe." Achieng akaweka ndoo chini. Akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo mimi naye hatukuwahi kuzungumza: "Mimi napenda hapa. Mama ananitunza vizuri. Sitaki kurudi." Mama yake Jenifa alinigusa mkono, kama kusema basi, tumejaribu. Lakini nilikuwa nimeyaona macho ya mdogo wangu. Yalikuwa yameenda juu, upande, kuyatafuta maneno mahali yalipowekwa, na yalipoyamaliza yakaanguka sakafuni. Jenifa pia aliona. Alimwambia mwenye duka kwamba anataka kuona kitambaa kilichoanikwa nje, kile cha mwisho kabisa, na akamsimamisha huko akiuliza bei ya hiki na ya kile.

Niliketi chini kwenye saruji, ili uso wangu uwe chini ya uso wa Achieng. Sikumuuliza kitu. Sikumwambia nimemkumbuka, wala kwamba mambo yatakuwa mazuri, kwa sababu sikujua kama yatakuwa. Nilinyamaza na kumtazama. Lori lilipita, duka likatetemeka, nikaendelea kunyamaza. Alijaribu kuchukua ndoo, akaiacha. Alivuta sweta ile ikafunika mikono. Nje mwenye duka alikuwa ameanza kuuliza kwa nini huyu msichana hanunui. Kisha macho ya Achieng yaliinuka, yakanifikia, yakakaa, na akasema kwa Kijaluo, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwingine angeisikia, "Wananichoma na kijiko." Akavuta mkono wa sweta akanionyesha.

Nilimwinua. Tulipita mlangoni mbele ya mwenye duka akiwa bado anatabasamu, akatuita, akaita tena kwa sauti nyingine, na hatukugeuka. Hatukuwa na nyumba ya kurudi. Tulienda kwa kina Jenifa.